Kiputo Kitupu cha Dada Radi

Saa mbili asubuhi, mwanamke wa miaka sitini na mitatu ameinamia ubao ulioinuliwa upande mmoja, anapiga mistari ya penseli ndani ya viputo vya maneno vya ukurasa wa katuni. Anachovya kalamu, anabana pumzi, anaandika: "NYUMA YANGU, HARAKA!" Kisha anapuliza wino ukauke.

"Hapa hakuna kupiga chafya," anatania. "Chafya moja, ukurasa kwisha."

Wenzake katika kiwanda cha uchapaji humwita Mama Viputo. Tangu miaka thelathini na moja iliyopita, kila neno la Dada Radi, shujaa wa vitabu vya katuni anayedaka radi kwa mikono mitupu, limepitia mkononi mwake.

Dada Radi alianza na kurasa nne za mwisho katika jarida la afya. Wasomaji wakampenda, akapata kitabu chake mwenyewe, nakala elfu tisa kila toleo. Kisha mauzo yakashuka. Mchapishaji akaamua kumuua katika toleo la sitini: atumbukie mtoni, hadithi iishe.

"Ukurasa wa mwisho uliponifikia ulikuwa na maji tu, na kiputo kimoja kitupu, mkia wake umeelekea chini majini. Nikamuuliza mchoraji, 'Kaka, huyu anasema nini?' Akanitazama. 'Dada, mimi sikuchora kiputo hapo.'"

Mtambo wa kuchapa ulikuwa unasubiri. Kikachapwa hivyohivyo, kitupu.

Wiki mbili baadaye barua zikaanza kumiminika. Alihesabu thelathini na nane. Zote ziliomba Dada Radi aokolewe, na zote zilinukuu maneno yaleyale: "Nitoeni, maji ni baridi."

Mama Viputo alifungua nakala yake. Kiputo kilikuwa cheupe pe. Akaipeleka nyumbani, akampa mumewe, fundi wa redio, bila kumweleza kitu.

"Akasoma kwa sauti, kawaida yake. Alipofika mwisho akasema, 'Nitoeni, maji ni baridi.' Nikamwambia, baba watoto, usinitanie. Akashangaa. 'Si umeandika mwenyewe? Mwandiko wako nisiujue?'"

Anasimulia huku akisugua viganja. Baada ya siku ile aliiweka kalamu kando kwa miaka mingi. Kitabu kilikuwa kimekwisha hata hivyo, naye akaishi kwa kushona sare za shule.

Miaka saba baadaye mchapishaji mwingine alinunua haki za kitabu, akamfuata. Alikubali kwa sharti moja: toleo la kwanza lianze na Dada Radi akivutwa kutoka mtoni.

"Lilipotoka, ndipo nikalala usingizi wa kweli."

Mwezi uliopita mhariri mpya alimletea hadithi ya toleo la mwisho. Dada Radi anazama tena, safari hii asirudi.

"Nikamwambia, mwanangu, hii siandiki. Akacheka, akasema kompyuta itaandika. Nikampa lile toleo la sitini, nikamwambia soma ukurasa wa mwisho. Akasoma kimya. Akalifunga taratibu. 'Mama,' akasema, 'tutabadilisha.'"

Toleo hilo litatoka mwisho wa mwaka, na Mama Viputo atastaafu nalo. Dada Radi hafi. Anaacha kazi, anafungua duka la vitambaa. Wazo hilo ni la Mama Viputo mwenyewe.

"Nataka azeeke kama mimi, alalamikie magoti," anasema, akichovya kalamu. "Duka nimewaambia waliweke mlimani. Mbali na maji."