Picha Yangu Kwenye Chumba cha Upasuaji

Mume wangu alipokutwa na uvimbe kwenye ubongo, karibu na sehemu ya kusema, madaktari wa Nairobi walitaka kumpasua akiwa macho. Wangemwonyesha picha azitaje, huku nyaya nyembamba zikirekodi seli za ubongo wake. Yeye ni Muorma, mfanyabiashara wa ng'ombe hapa Garsen, na akibanwa hukimbilia Kiorma. Kwa hiyo aliyeingia naye kutafsiri ni mke mdogo, Muorma mwenzake. Mimi ni wa Kipini, Kiorma changu kinaishia kwenye salamu. Nilibaki na watoto, na wivu wangu.

Madaktari waliomba picha za vitu na watu anaowajua. Nilituma ya ng'ombe wake mwekundu, ya kibuyu cha maziwa, ya mke mdogo (nilichagua ile aliyofumba jicho) na yangu, nimejipamba kwa hina na wanja.

Waliporudi, nilimkalisha mwenzangu jikoni kabla hajapumzika.

"Nambie. Mimi aliniitaje?"

"Dada, ng'ombe alitaja. Kibuyu alitaja. Mimi alitaja mara moja."

Niliendelea kukoroga chai ambayo sikuwa nimeitia sukari.

"Yako ilikuja, yeye akanyamaza. Daktari akauliza tena, huyu nani? Kimya. Wakasimamisha kazi, wakafikiri wameharibu pahali pa kusema."

Nilielewa papo hapo. Mke akishamzalia, mume wangu hamwiti jina mbele za watu. Ndiyo heshima aliyolelewa nayo. Mwenzangu hajajaliwa mtoto, ndiyo maana lake linatajika. Kumbe hata kichwa kikiwa wazi, yule mtu alikuwa na adabu zake.

"Nikawaambia, huyu mama ya watoto, jina yake hawezi sema. Daktari akacheka, akatuonyesha mashine. Akasema seli zilikuwa zimeamka, neno lilikuwa njiani, mdomo tu ndio ulifungwa." Aliinamia kikombe chake. "Mimi natajwa kama kibuyu, dada."

Nilimtilia sukari kwenye chai yake, na wivu niliokuwa nao juu yake ukaniishia pale pale.

Haukwenda mbali lakini. Ulihamia kwenye ile mashine ya Nairobi. Tangu kifungua mimba wangu azaliwe sijasikia jina langu kinywani mwa mume wangu, na yenyewe ililidaka likiwa njiani.

Asubuhi yake mume wangu aliniita kutoka uani, sauti nzima kabisa, "Mama watoto." Nilichelewa kuitika kusudi.