Tulivyoongeza springi za gari ili livute tela la mashine ya mama kutoka Mohoro

Ijumaa, saa tisa na robo alasiri.

Saa naikumbuka kwa sababu enzi hizo nilikuwa mtu wa diary. Kila nilichoshindwa kumwambia mtu nilikiandika humo, na nilikuwa nashindwa mengi.

Wakuu, heshima kwenu. Mimi humu ni msomaji wa kimya, wengi hamnijui. Ila leo nimeona jamaa anauliza habari za kukaza suspension ya gari lake kubwa avute trailer zito, nikasema hapana, hili langu nilitoe. Nawaletea kama lilivyotokea, pale nilipokuwa nimesinzia nitawaambia nilisinzia.

Nilikuwa form two, Kibiti. Miaka ile ya ruksa, maduka yanaota kila kona, mitumba imejaa, kila mtu ana biashara kichwani. Daraja la Rufiji lilikuwa bado, tunavuka kwa pantoni pale Ndundu.

Baba alikuwa amenunua gari mnadani, four wheel ndefu ya mradi mmoja wa barabara uliokwisha. Kubwa, jeupe, nyuma lina viti viwili vya mbao vinavyotazamana. Tukaliita Kiboko.

Sasa kwa nini tela.

Mama alikuwa Mohoro. Hawakuachana, msinielewe vibaya. Alikwenda kulima mpunga kwao, msimu ukaisha, ukaja mwingine, na huko alikuwa amepata mashine ya kukoboa ya mfanyabiashara mmoja aliyefunga kazi. Ndiyo iliyomshika. Alimwambia baba mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mashine ikija Kibiti, nakuja nayo. Ikibaki, na mimi nabaki."

Mimi nilikuwa napika, nafua, naenda shule. Usiku naota mama anapepeta mchele uani, naamka nasikia kuku tu.

Basi ile Ijumaa baba akafunga tela nyuma ya Kiboko, akalipakia matofali, ajaribu. Kiboko likakaa chini. Matako yamegusa mchanga, pua juu. Jirani yetu akapita na baiskeli, akamuuliza baba kama gari linatazama mwezi ili atangaziwe mapema mwezi wa mfungo.

Baba hakucheka. Akaendesha hivyohivyo mpaka jua likazama, akawasha taa. Zikamulika vilele vya mikorosho, barabara ikabaki giza. Popo wakaruka. Mimi nilikuwa nyuma, na Mungu anisamehe, niliona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Miti ilikuwa ya kijani juu tu, chini hakuna shina, kama inaelea.

Kesho yake tukaenda kwa fundi Makungu, pale njia ya kwenda Bungu.

Kwa wasiojua: springi za magari yale ni mabamba ya chuma yaliyolala moja juu ya jingine, tunayaita pleti. Fundi akafungua za nyuma, akaongeza pleti nene mbilimbili alizotoa kwenye lori bovu, akabadilisha na shokapu. Kiboko likainuka kama panzi.

Fundi akamwambia baba gari sasa ni la mzigo, likiwa tupu litamtesa mtu.

Ni kweli lilitutesa. Shangazi alipanda mara moja kwenda kliniki, akashuka kabla ya kufika, akatembea. Likipita shimo dogo, kichwa kinagonga bati. Baba akaweka magunia mawili ya mchanga kule nyuma angalau lilainike, na mimi ndio nikapata kiti changu: juu ya gunia, natazama tulikotoka.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Mohoro. Pantoni asubuhi, mto umejaa ukungu, ng'ambo haionekani. Unasikia watu wa upande wa pili wanaongea lakini huwaoni. Nilijisemea labda hakuna upande wa pili, ni sauti tu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa kile kibanda cha mashine, kanga kiunoni. Nikampa shikamoo. Akaniuliza shule, nikajibu nzuri. Basi. Wakuu, nilimwonea haya mama yangu mwenyewe. Nilikuwa nimerefuka kumpita, sikujua niiweke wapi mikono.

Kupakia alisimamia mjomba Athumani, kaka yake mama. Mjomba maisha yake yote ni mtumbwi, kupeleka mpunga vijijini kwenye delta. Anapakia vizuri mpaka watu wanamwita. Akasema mzigo mzito ukae nyuma, pua inyanyuke, chombo kiende chenyewe. Vijana wakasukuma mashine na injini yake ya kuiendesha mpaka mwisho wa tela, wakafunga kamba. Mbele wakaweka magodoro na vyungu vya mama.

Baba akazunguka, akainama, akaona Kiboko halijakaa chini hata kidogo.

"Shemeji umeona?" akasema. "Springi zimekubali."

Mjomba akamjibu kuwa si springi, ni mkono wa mtu wa Mohoro. Wakataniana hapo kila mtu akidai sifa. Mama akapanda mbele, mjomba katikati, baba usukani. Mimi kwenye gunia langu.

Tukaondoka. Na hapa naomba mnisome polepole.

Tela lilianza kuyumba taratibu. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Vumbi la mchana limekuwa la dhahabu, harufu ya mchele inatoka kwenye vyungu, mbele namsikia mama anacheka na kaka yake. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Nikaona tela linabembeleza. Nikasinzia, nimesema nitawaambia.

Nilichoamshwa nacho ni wepesi. Gunia lilipanda chini yangu, likakaa hewani kidogo, likashuka. Nikatazama pale tela linapofungwa. Kila tela likiruka, ule mkono wake wa chuma ulikuwa unasukuma juu, mzigo wa mkiani ukiuinua. Springi zetu hazikuwa zimebeba chochote. Tela lilikuwa linatubeba sisi kwa nyuma, na tairi za Kiboko zinagusa mchanga kwa kunyapa.

Kulia, kushoto, na sasa kwa upana zaidi. Mbele tunateremka Ndundu, kwenye ule mteremko wa kushukia pantoni. Chini ni mto.

Nikasema "Baba." Mngurumo wa gari ukanimeza. Nikasema tena, hata mimi sikujisikia.

Nikafikiria mashine inavyozama, viputo, halafu mama anageuka kurudi Mohoro kwa mguu bila kusema neno. Niliiona yote, na kanga yake.

Nikapiga bodi kwa kiganja. Pa, pa. Kama konda.

Baba akasimama. Nadhani mguu wake ulitii wenyewe. Wote watatu wakageuka kunitazama na mimi nikatamani niingie ndani ya gunia.

"Tela linatuinua," nikasema.

Mjomba akacheka, akasema mwanangu, wewe umekaa nyuma, kichefuchefu hicho. Baba akaanza kuelezea springi. Mama akafungua mlango. Alishuka, akaenda mpaka mwisho wa tela, akauegemea ubao kwa mikono miwili, akakandamiza.

Matako ya Kiboko yakapanda.

Akaachia, yakashuka. Akakandamiza tena, taratibu, ili kaka yake aone vizuri.

"Kaka," akasema, "hapa hakuna maji."

Mjomba akakuna kichwa. Kisha akaanza kufungua kamba, hakubishana, hilo nampa.

Vijana wa pantoni wakatusaidia, injini ya mashine ikasogezwa mbele, karibu na gari, mashine ikakaa juu ya ekseli ya tela, vyungu nyuma. Kiboko likashuka kidogo, likakaa sawa, mgongo umenyooka. Ndio kwanza zile pleti za fundi zikapata kazi. Mchanga baba akaumwaga pale ukingoni, akasema tumebeba pwani bure.

Mama hakurudi mbele. Alikuja nyuma, akakaa pembeni yangu. Tuliteremka mpaka kwenye pantoni kama tunateleza kwenye maziwa. Toka Ikwiriri mpaka Kibiti gari lilikuwa laini, wakuu, laini mno. Tulifika wakati wa adhana ya magharibi, taa zikimulika barabara, si mikorosho.

Kwa mwenye uzi ule: kaza springi, ndiyo, lakini gari kutokaa chini si ushahidi kuwa mzigo umepangwa vizuri. Kandamiza mkia wa tela uone gari linafanyaje. Na abiria wa nyuma akipiga bodi, simama kwanza, utamcheka baadaye.

Waliowahi kuvuta mzigo njia za mchanga waongeze yao, mafundi mnirekebishe. Matusi nitayasoma pia.

Kesho yake asubuhi niliamka kama kawaida kwenda kuwasha moto. Nikakuta umewashwa. Nikasimama mlangoni nautazama, hakuna aliyeniona, nikarudi kulala.