Ncha Mbili za Kitambaa

Shangazi yangu hukunja mashuka. Ndiyo kazi yake tangu kabla sijazaliwa, katika chumba cha kufulia cha hospitali, nyuma kabisa, mahali ambapo madaktari hawapajui na wagonjwa hawapafikirii. Nilipoacha shule alinichukua, akanisimamisha upande wa pili wa shuka.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnatazamana, kila mtu na pembe zake mbili. Mnavuta, linanyooka, mnakutana katikati. Mmoja anatoa, mwingine anapokea, aliyetoa anainama kuokota mkunjo. Hakuna kusemeshana. Mwenzako akivuta kidogo kushoto unajua, akichoka unajua, akiwa amegombana na mtu nyumbani unajua pia. Mdomo hudanganya, lakini mkono ulioshika shuka hauwezi.

Ndivyo nilivyojua habari ya macho yake. Jioni moja umeme ulikatika, mashine zikanyamaza, na sote tukasimama tukingoja kiza kizoeleke. Kikazoeleka. Dirishani kulikuwa na mwanga kidogo, nikaanza kuona kichwa cha huyu na bega la yule. Shangazi hakuzoea. Alikuwa amelishika shuka kama mtu aliyetumbukia kisimani na kuikuta kamba.

Tangu hapo nikawa namwangalia. Nyumbani, usiku ukiingia, alipitisha vidole ukutani kutoka chumbani hadi jikoni akijifanya anafuta vumbi. Akikipiga teke kiatu kilichoachwa njiani, aliwatukana watoto wa jirani, ambao kwetu hawaingii. Mimi kimya. Mtu akificha lake ana sababu, na sababu yake nilikuwa naijua bila kuambiwa. Bibi, mama yake, alianza hivyohivyo. Usiku ulimtoka kwanza, kisha pembeni, kisha mchana wenyewe. Watu wakamhurumia. Wakamletea kiti, wakakiweka karibu na mlango: "Kaa tu mama, usijisumbue." Akakaa, hakuinuka tena. Shangazi alilisema jambo hilo mara moja tu, tukiwa tunakunja mashuka ya watoto. "Mama hakuuawa na macho," alisema. "Aliuawa na kile kiti."

Basi zilipotangazwa zile mbio za usiku kucha, za kupokezana, kutoka mjini kwetu hadi mji wa pili, yeye ndiye aliyetuunganisha. Alikuwa mkimbiaji tangu usichana, na hadi leo kila alfajiri ikipambazuka huzunguka ua wa hospitali. Timu ilikuwa ya watu watano: mimi, yeye, mpiga pasi, dereva wa gari la nguo na msimamizi wetu. Kila mmoja kipande chake cha barabara. Kitambaa cha kupokezana tulikikata kwenye shuka lililochakaa, kirefu, cha kuvaliwa begani hadi kiunoni.

Mpangilio aliupanga yeye. "Mtoto huyu aanze, mimi nimfuate, jua likiwa bado lipo. Nyie wengine mtajua wenyewe."

"Shangazi mjanja," mpiga pasi alisema. Kazini wote humwita Shangazi, hata waliomzidi umri. "Yeye kajipa jua, sisi katuachia fisi."

"Wewe fisi atakukimbia. Hajazoea nyama inayonuka sabuni."

Tulicheka. Ni mimi tu niliyeangalia mikono yake.

Mazoezini tulikuwa kichekesho. Mpiga pasi alimaliza kipande chake akihema, akavua kitambaa, akakikunja mara mbili, akakikunja tena, akakinyoosha kwa kiganja, ndipo akamkabidhi dereva.

"We kaka! Unanipa nikimbie nacho au nikipeleke wodini?"

Lakini dereva naye alipofika kwa msimamizi, akakunja. Msimamizi akafoka, kisha naye akakunja. Hata mimi. Tuliapa tukajirekebisha, siku ya pili yakawa yaleyale. Mkono uliofundishwa kukunja haujui kutoa kitu kilichokunjamana.

Siku ya mbio mvua ilinyesha. Haikuwa kubwa, ila ilikataa kuondoka. Turubai la wasimamizi wa mbio lilianguka, spika zikalowa, tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri. Watu walikula ndizi na kunyoosha miguu. Shangazi alitazama mawingu. Kila alipoyatazama, jua lilikuwa limeshuka zaidi. Mwishowe tuliitwa, akaja kunifunga kitambaa begani.

"Kimbia upesi, mwanangu."

"Shangazi, jua..."

"Nimesema kimbia upesi."

Alivuta fundo. Akalifungua, akalifunga upya.

Nilikimbia kama mtu aliyeiba. Niliwapita wa timu ya walimu, nikawapita wa timu ya wauza vifaa vya ujenzi, nikampita kijana mmoja mwenye viatu vizuri kuliko vyote vyetu. Lakini jua halina mbio za kushindana nalo. Nilipoliona gari letu la nguo limeegeshwa kituoni, taa zake zilikuwa zinawaka, na nyuma yake barabara ilikuwa imemezwa na giza.

Shangazi alikuwa kwenye mstari na taa ndogo imefungwa kwenye paji la uso. Alinisikia nikija. Akanyoosha mkono kupokea, na mkono ukaenda pembeni, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Msimamizi aliona. "Shangazi," alisema taratibu, "unaniona mimi?"

Shangazi aliigeuzia sauti ile taa ya pajini.

"Hii taa huoni nayo?"

"Naona doa. Doa dogo kama sahani ya kikombe. Nje ya hapo hakuna kitu."

"Tangu lini? Na barabara yote hii ina mashimo! Mbona hukusema? Basi, yaishe. Tutajitoa. Mbio si ndoa." Sauti yake haikuwa ya ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Dereva, maskini, mtu mwema kuliko wote, alikuwa amekwisha fungua mlango wa nyuma na kushusha kile kiti cha plastiki anachokalia akisubiri mizigo. Akakipangusa maji kwa shati lake.

"Njoo ukae, Shangazi. Kaa tu, usijisumbue."

Nilimwona alivyokigeukia kile kiti asichokiona vizuri. Uso wake ulikuwa wa mtoto anayeitwa na mtu asiyemtaka.

Nilivua kitambaa. Sikukikunja. Ncha moja nilimtia mkononi, ncha ya pili sikuiachia. Nikavuta kidogo, kushoto.

Alisimama vilevile. Kisha akavuta na yeye.

"Wewe si umemaliza kipande chako?" aliuliza mzee mwenye filimbi, aliyesimamia kituo.

"Nimemaliza."

"Na kitambaa kinakwenda na nani?"

"Na mimi," Shangazi alisema. "Huyu kashika tu asianguke."

Mzee akamtazama msimamizi, msimamizi akatazama chini. "Kitambaa kiko kwa mwenyewe," akasema yule mzee. "Piteni, mnaziba njia."

Tukaingia gizani. Mwanzoni tulikuwa wabovu, magoti yakigongana. Kisha tukapata mwendo wa kazini. Shimo likiwa mbele nilivuta upande, naye akafuata. Pakiwa pazuri nililegeza. Dimbwi moja sikuliona hata mimi, tukaingia wote wawili hadi vifundoni, akasema, "Ahsante, macho yangu," tukacheka hadi pumzi ikatuponyoka.

Baadaye akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu ule umeme ulipokatika."

"Na ukanyamaza muda wote huo?"

"Hukuniuliza."

Nilisikia viatu vyake, vizito kwa maji. "Bibi yako," alisema, "alitembea vizuri sana, unajua? Hakuna aliyempa mkono. Walimpa kiti."

Kilimani miguu yangu ilikwisha. Nilikuwa nimekimbia vipande viwili na mlima ulikuwa bado. Niliona aibu kusema. Lakini mkono ulikwisha sema, kwa sababu kitambaa kilikazwa kutoka mbele: Shangazi alikuwa amenipita, ananivuta, na mimi nikitoa tu neno, "Kulia. Nyooka. Kulia tena." Hivyo ndivyo tulivyofika juu.

Kwenye kituo, mpiga pasi alikuwa anarukaruka kwa baridi, na gari limekwisha tangulia pale. Tulikuwa karibu wa mwisho. Shangazi alichukua ncha yangu, akaziweka ncha pamoja, akakunja mara mbili, akakunja tena, akanyoosha kwa kiganja. Kizani, pindo kwa pindo, bila kukosea.

"Shangazi!" msimamizi alipiga kelele.

"Ah," akasema, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kisha akamkabidhi mpiga pasi kitambaa. "Kaka, mimi usiku sioni. Wewe unaona. Sasa umesimama nini? Kimbia!"

Akakimbia, mdomo wazi.

Dereva alikuwa amekileta kile kiti tena, lakini safari hii alisimama nacho mkononi bila kujua akiweke wapi. Shangazi akanyoosha mkono, akapapasa, akakipata. Akavua viatu vyake vilivyolowa, akavipanga juu yake, soksi kando, akaegemea gari akiwa amesimama.

Viatu vilikaa pale hadi gari lilipoondoka.