Mshipi wa Jaja Unaodondosha Maji

"Jaja, mbona mshipi wako unadondosha maji?"

Nilimwuliza hivyo bibi yangu, Jaja Madinah, nikiwa darasa la pili. Alikuwa amerudi nyumbani kwetu Mpumudde kutoka Mbale, amevaa gomesi lake la Idd, lile gauni la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni.

"Kanywe uji," akanijibu.

Uji nilikunywa, jicho likiwa dirishani. Huko uani alifungua mshipi, akatoa kijiti cha waridi kilichofungwa kwa ganda la mgomba lililolowa. Kumbe ndiyo maana akisafiri hukaa wima kama mke wa waziri! Watu hudhani ni heshima. Ni miiba.

Waridi lile jekundu lilipandwa na marehemu mama yake. Dada yake mkubwa, Khainza, ndiye aliyebaki na nyumba ya Mbale, na hakutaka kugawa hata tawi. Jaja naye hakutaka kuomba. Kwao wanaamini mche ukiombwa na kushukuriwa hauoti. Unachukuliwa kimya kimya. Basi kila Idd alikwenda kusalimia, akarudi kiuno kimelowa.

Lakini vijiti vyote vilikufa. Kukata alijua: chini ya jicho, pale chipukizi linapotokea, majani mawili tu yabaki juu. Akapanda kwenye jerikeni lililokatwa, akafunika kwa chupa ya plastiki. Halafu kila alfajiri, baada ya swala, anakichomoa kijiti aone kama kimetoa mizizi!

"Madinah, ungekuwa kuku usingeangua hata yai moja," babu Mutwalibu akamwambia. Akachukua jerikeni, akaliweka juu ya paa la jiko, kwenye kivuli cha mparachichi. "Haya, anayetaka kuchungulia apande ngazi na gomesi lake."

Kikaota. Leo mti umefika dirishani.

Mwaka huu, mimi nikiwa sinia tatu ya sekondari, mafundi wa ukuta kule Mbale walimwaga zege juu ya shina la waridi la Jaja Khainza, likafa. Idd ilipofika, yeye ndiye aliyekuja kwetu. Akasimama mbele ya waridi letu.

"Hili ua nalijua."

"Maua mekundu yapo mengi, dada. Karibu ndani."

Jaja Khainza hakusogea, wala hakuomba. Jaja wangu akaangusha kisu kando ya shina. Akaangusha na ganda la mgomba, bichi, lililolowa.

"Shamirah, njoo tutafute sukari," akaniita.

Sukari ilikuwa mezani. Tuliitafuta mpaka chai ikapoa.

Tulipotoka, mgeni alikuwa tayari anaaga, mgongo umenyooka kama askari wa gwaride. Akaelekea kwenye boda, matone yakimfuata uani.

"Jaja," nikanong'ona, "mbona mshipi wake unadondosha maji?"

"Kijiti kikikauka njiani kinakufa," akanijibu, safari hii bila kunituma nikanywe uji. Kisha akapaza sauti: "Dada! Usiegemee!"