Siku Baba Alipomkana Mama Jukwaani

Juzi nilipita shule moja ya Gungu, nikawakuta wanafunzi wakijiandaa na mchezo wa kuigiza, nikamkumbuka baba.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto mdogo, aliigiza jukwaani mtu mwenye cheo aliyelijali jina lake kuliko kitu chochote. Mama yake mzazi, aliyeigizwa na jirani yetu Mama Zuhura, aliingia miguu pekupeku na kapu la dagaa. Harufu ilitufikia sisi watazamaji mkekani. Wageni wa bwana mkubwa wakauliza, "Huyu nani?"

"Simjui," baba akajibu.

Watu wakaguna. Mimi sikumtambua jirani yetu, wala sikujua kwamba yale ni maigizo. Nilipanda jukwaani nikilia, nikamshika mkono Mama Zuhura.

"Bibi, twende kwetu. Mama atakupikia."

Watu wakacheka, lakini baba hakucheka. Alinitazama, akasahau maneno yote yaliyobaki. Kisha akamwinamia Mama Zuhura, jambo ambalo halikuwamo mchezoni, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama."

Nilidhani nimemkomesha mtu mbaya. Sasa najua baba mwenyewe alikuwa mwoga tu wa midomo ya watu.

Wiki iliyofuata baba alinipandisha boti hadi kijijini kwao, Mwamgongo, nikamwona mama yake kwa mara ya kwanza.