Mkurugenzi Aingie Mwisho

"Jumatatu umeniunganisha na watu wamevaa tai. Jumanne hao hao. Leo ndio usiseme, wifi. Nimegeuza kamera nimwonyeshe daktari miguu ya mama wa watu ilivyovimba, kumbe miguu inatazamwa na kikao cha kununua viti. Mzee mmoja ananiuliza, hiyo ni ajenda namba ngapi?"

Mama Waya aliisogeza simu mbali na sikio. Aliyekuwa akifoka ni mkunga wa zahanati ya mbali, mdogo wa mumewe, mwanamke ambaye hata akikuambia habari za asubuhi unahisi umekosa kitu.

"Wifi, nipe dakika."

"Dakika gani? Sufuria yangu unayo mwaka wa pili, sasa unataka na dakika."

Ile sufuria. Aliiazima siku walipohamia nyumba mpya, akaibeba mbiombio hata mfuniko akausahau kwa mwenyewe, na mpaka leo anaifunika kwa sinia. Kwanza alichelewa kuirudisha kwa uvivu, kisha akachelewa kwa aibu, na aibu nayo haikupungua kwa kuchelewa.

"Presha ya mgonjwa ikoje?" akauliza.

"Mia na sabini, na kichwa kinamgonga. Gari la wagonjwa liko huko kwenu, halitoki mpaka daktari wa wazazi amwone mgonjwa kwa macho yake. Daktari anakaa mbele ya kioo cha simu za picha mpaka saa kumi. Sasa hivi saa tisa. Piga hesabu." Akakata.

Hesabu haikuwa ngumu. Daktari mwenyewe hangeweza kumpigia mkunga, maana mitambo ya zahanati iliwekwa iwe ya kupiga tu, haipigiwi. Walioiweka ni vijana wawili wenye mashati yaliyonyooka, walifanya kazi siku mbili, wakaacha neno la siri kwenye kikaratasi na namba ya simu ambayo haijawahi kupokelewa. Mzigo ukaangukia kwa Mama Waya. Kabla ya hapo alikuwa opereta wa ubao wa simu wa hospitali ile kwa miaka kumi na tisa, na mtu akisema tu "nipe daktari," alijua ni daktari yupi kwa jinsi anavyohema. Huu mtambo wa simu za picha hausikilizi mtu anavyohema. Unasoma orodha.

Orodha yenyewe ina mistari kumi na mmoja, na kila mstari unasema namba fulani ipelekwe chumba fulani. Simu ikiingia, mtambo unasoma kuanzia juu, na mstari wa kwanza unaolingana na namba hiyo unaibeba. Haushuki chini kutafuta mwenye haki zaidi. Chumba cha daktari wa wazazi ni 247. Mstari wa mkurugenzi unasema chochote kinachoanza na 2, kwa kuwa ofisi yake imejitwalia vyumba vingi vya namba hizo. Ulipokuwa chini kabisa haukumdhuru mtu, ulikuwa unaokota yaliyobaki; ukiwa juu, unaibeba hata 247.

Kisha wiki iliyopita afisa utawala, ambaye hospitali nzima inamwita Bwana Itifaki, akaichapa orodha ili aibandike ukutani. Akamkuta mkurugenzi wa kumi na moja, chini ya chumba cha chanjo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na mkurugenzi bado alikuwa pale pale.

Mama Waya alimweleza. Alimweleza mara mbili. Ya tatu akachoka, akaipanga orodha kwa vyeo kama alivyoamriwa, mkurugenzi juu, daktari wa wazazi wa sita. Hapo ndipo palipokuwa panamchoma sasa. Alijua kitakachotokea, akanyamaza, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na mgongo ulikuwa unamuuma. Na tangu siku hiyo neno la siri limefungiwa kwenye droo ya Bwana Itifaki, orodha isichezewe.

Alimkuta mezani akipanga klipu za karatasi kwa ukubwa.

"Naomba neno la siri, bwana. Mkurugenzi inabidi ashuke chini."

"Chini ya nani?"

"Ya wote."

"Mama Waya, umechoka kazi?"

"Nimechoka, lakini siyo hilo. Kuna mama anaumwa kichwa huko zahanati, na picha yake inaingia kwenye kikao chenu cha viti."

"Niliiona hiyo miguu," alisema Bwana Itifaki, na sura yake ikalegea kidogo. Kisha ikakaza tena. "Lakini orodha iko ukutani. Wageni wanaisoma. Mkurugenzi chini ya chanjo, watu wataelewaje?"

Saa ya ukutani ilisema tisa na robo. Mama Waya alikuwa na maneno mengi mdomoni, yote ya kufukuzisha mtu kazi. Akayameza. Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Nikuulize wewe unayejua mambo haya. Kwenye mkutano mkubwa, nani anaingia kwanza ukumbini?"

"Wafanyakazi wa kawaida."

"Halafu?"

"Wakuu wa vitengo. Halafu wajumbe."

"Na mkurugenzi?"

"Mkurugenzi anaingia mwisho. Watu wote wawe wameshakaa." Alisema hivyo kwa fahari, kisha mkono wake ukasimama juu ya klipu.

Miaka kumi na tisa ya ubao wa simu ilimfundisha Mama Waya kutomkatiza mtu anayepokea ujumbe.

"Kwa hiyo kule ndani ya mtambo," Bwana Itifaki alisema taratibu, "wanaingia."

"Wanaingia, bwana. Mmoja mmoja."

Akafungua droo.

Saa tisa na nusu mkurugenzi alikuwa mstari wa kumi na moja, na Mama Waya, aliyekwisha kumwambia wifi yake apige tena, amesimama nyuma ya kiti cha daktari, vidole vimeshikana. Kioo kikawa cheusi, kikakwama, kikawaka. Uso wa wifi yake ukakijaza chote.

"Nani huyo? Wa tai?"

"Daktari," alisema daktari. "Nionyeshe mgonjwa."

Alitazama miguu, akauliza maswali matatu, akaagiza sindano ichomwe pale pale, na mkono wake wa pili ulikuwa tayari unasaini karatasi ya gari.

Asubuhi yake dereva wa gari la wagonjwa alimkuta Mama Waya mlangoni. Mama mjamzito alikuwa wodini tangu jioni, presha imeshuka. Dereva akamkabidhi kitu cha duara kilichofungwa kwa gazeti.

"Wifi yako kasema ile sufuria ubaki nayo. Kasema pia sinia si mfuniko, acha kuaibisha ukoo."

Jioni akaujaribu mfuniko. Ulikaa sawasawa.