Chupa ya Nguzo Haiuzwi

Wateja wangu wana macho! Chupa mpya za kuchuja maji nimezipanga pale mlangoni zinang'aa, lakini mtu akiingia lazima kidole chake kipande hadi rafu ya nyuma ya kiti changu. "Na ile je, mama?" Ile ni ya kijani iliyopauka, imekwaruzika ubavuni, na kifuniko chake nimekifunga kwa kamba ya kiatu kisipotee. Nasema haiuzwi. Mmoja aliwahi kunijibu, "Kwani imechuja dhahabu?" Nikamwonyesha zilipo ndoo.

Ni chupa ya kaka yangu. Watu wote wanamwita Nguzo, na si kwa urefu tu, ingawa akiingia dukani kwangu masufuria niliyoyaning'iniza humgonga utosini kila siku, na kila siku anashangaa. Kazi yake ilikuwa kutembea chini ya nyaya za umeme mkubwa, zile zinazopanda vilima na kushuka mabonde mpaka macho yachoke. Darubini shingoni, uso juu: kikombe gani cha kaure kinachoshikilia waya kimepasuka, waya gani umelegea, mti gani umeanza kuunyemelea waya. Asubuhi gari linamshusha nguzo hii, jioni linamwokota nguzo ya mbali huko. Katikati ni yeye na jua lake. Ukimuuliza habari za mjini atakwambia hajui, lakini muulize nguzo yenye kiota cha mwewe, atakueleza mpaka tabia za vifaranga.

Zamani, alipokuwa kijana kazini, aliinama kwenye kijito akanywa maji kwa viganja. Homa ya matumbo ikamlaza mpaka tukaanza kunong'onezana nani apelekewe habari. Aliyemuuguza alikuwa msichana wa nyumba ya jirani, mfupi, mkali, mwenye mdomo wake. Kaka alipopona akamwoa. Huyo ndiye wifi yangu, na jamani, mimi na wifi tulikuwa paka na panya! Akija dukani anagonga sufuria zangu kwa kucha: "Wifi, hili si bati la kuezekea hili?" Nami nikienda kwake nafunua vyungu vyake na kusema kaka yangu kaoa moshi. Tulipendana sana.

Kabla ya ndoa wifi alitoa sharti moja. "Maji utakayokunywa huko porini yawe yametoka mkononi mwangu. Ukinywa tena ya kijito, usirudi kwangu." Kaka akala yamini mbele yetu sote, na sisi tukacheka. Yeye hakucheka.

Niliishi nao kabla sijapata duka, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Jioni wifi anabandika sufuria kubwa kwenye mkaa, maji yanachemka mpaka kifuniko kinaimba, kisha anayaacha yapoe. Asubuhi anafunga kitambaa kwenye mdomo wa chupa ya bati, anayamimina taratibu. Kitambaa kile kilianza maisha kikiwa cheupe. Nilipokijua kilikuwa rangi ya chai. Chupa yenyewe ilikuwa na kifuniko kinachogeuka kikombe. Wifi anakijaza, anakunywa yeye kwanza, anakimaliza chote, anapangusa midomo na kusema, "Haya, mimi sijafa. Nenda."

Kaka anacheka kana kwamba anaisikia kwa mara ya kwanza. Kisha geti linalia, kisha nyayo zake, kisha wifi anaanza kufagia. Mimi nilikuwa bado nimejifunika shuka, nalaani kelele zao. Leo ningetoa nini niisikie asubuhi moja tu kama zile.

Wifi akafa. Kifua kilimbana, tukadhani ni mafua, na haikuwa mafua. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Kaka alirudi kazini mapema mno, nasi tukamsifu kwamba amejikaza kiume. Kumbe! Chupa ya bati aliivaa begani kama kawaida, lakini ilikuwa tupu. Alikunywa kikombe cha maji nyumbani asubuhi na kikombe jioni, na mchana kutwa juani hakutia tone kinywani. Wenzake wakimpa maji anasema, "Nimeshakunywa." Midomo ilimpasuka, nami mjinga nikampa mafuta ya kupaka nikidhani ni upepo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku moja dereva alimkuta amejikunja chini ya nguzo, ameshika kiuno, analia kwa sauti.

Ilikuwa mawe kwenye figo. Daktari, binti mmoja mpole, alimuuliza anakunywa maji kiasi gani. "Nakunywa," akajibu. "Saa ngapi?" "Asubuhi." Binti akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, figo moja imeshachoka. Ukiendelea hivi, ya pili itamfuata mwenzake. Unatakiwa kunywa maji mchana kutwa." Kaka akaitikia kwa kichwa. Mimi nalijua lile itikio lake, ndivyo alivyomwitikia mama alipoambiwa aoge.

Kubeba maji ya kutosha siku nzima, pamoja na panga na vifaa vyake, ni mzigo wa punda. Vijito vipo njiani, tena vingi. Na wakati ule ndipo hizi chupa za kuchuja zilikuwa zimeanza kuingia madukani. Nikaagiza chache, nikamwita, nikampangia mezani kama muuza viatu.

Ya kwanza ilikuwa ya mrija. "Unachota, unafyonza, chujio liko humu ndani ya mrija," nikamwambia. Akaigeuzageuza. "Hii mtu anakunywa peke yake."

"Ulitaka unywe na nani? Na ng'ombe?"

Akairudisha mezani. Ya pili ilikuwa ya kukandamiza: unaisimamisha chini, unailalia kwa uzito wako wote, maji yanapanda yakiwa safi. Inachuja haraka kweli, lakini inataka mahali tambarare. "Huko kwangu pa tambarare ni kitandani," akasema. Ya tatu ilikuwa ya kijani, laini, ya kubinya. Unaijaza, unafunga chujio, unabinya, maji yanatoka mdomoni. Kaka akaiinamisha juu ya kifuniko chake, akabinya hewa. "Hii inamimina."

"Inamimina, ndiyo."

"Basi hii."

Nikajisemea moyoni, mzee huyu kachagua chupa kama anachagua mchumba. Nikampa maelezo yote ninayowapa wateja mpaka leo. Maji ya kwanza kwanza uyamwage, yana vumbi la mkaa wa chujio. Mdomo wa kunywea usiuguse kwa mkono uliochotea. Kila jioni sukuma maji safi kinyume, chujio lisafishike. Na usijidanganye, haitoi chumvi wala dawa za shambani, na vidudu vingine ni vidogo mno vinapenya, kwa hiyo usichote chini ya mashamba yanayopulizwa wala chini ya vyoo vya watu. Nilisema yote. Habari ya maji ya moto sikuisema, maana nani angeiwaza?

Siku chache baadaye karudi, uso umemshuka. Kichwa kikagonga sufuria, akashangaa, akaniwekea chupa mezani. "Haichuji."

Nikakoroga udongo kwenye beseni, nikachota, nikabinya. Loo! Tope liliingia, tope likatoka. Damu ilinipanda. Nikampigia muuza jumla pale pale, sikumpa hata salamu. "Umeniuzia makopo wewe! Kaka yangu ana figo za kuchungwa, unajua? Ungemuuzia mama yako hii?" Nilipaza sauti mpaka wapita njia wakasimama. Yule bwana akanisubiri nichoke, kisha akauliza kwa upole, "Mama, mlitia maji ya moto?"

"Mwendawazimu gani atie maji ya moto kwenye plastiki?"

Nyuma yangu nikasikia kikohozi. Nikageuka. Nguzo alikuwa ameinamia ndoo, anasoma maandishi yake kama ni gazeti.

"Nitakupigia tena," nikamwambia muuza jumla, nikakata. "Kaka! Ulitia maji ya moto?"

"Yalikuwa yamepoa kidogo."

"Kidogo!"

Alikuwa amechota maji kijitoni, akawasha moto, akayachemsha kwenye mkebe mpaka yakatokota, kisha ndipo akayatia kwenye chupa ya kuchuja. Chujio likapinda kama sabuni iliyosahaulika juani. Nikamshukia: kichwa ngumu, chupa hii kazi yake ni kukuondolea kuchemsha, ungejipikia hata chai basi! Nikasema mengi. Aliponiona napumua akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, magoti yakamfika kifuani.

"Nilimuahidi, mdogo wangu," akasema. "Nikinywa ya kijito, nimemwacha."

"Na hayo uliyochemsha, uliyanywa?"

"Sikuyanywa. Nilijaza kifuniko, nikasubiri."

"Ukasubiri nini?"

Akatazama mikono yake. Na mimi, Mungu wangu, ndipo niliposikia geti linalia, na kikombe cha bati, na ile sauti kali ya wifi. Hii mtu anakunywa peke yake. Nililia katikati ya masufuria yangu na mteja yuko mlangoni anauliza bei ya birika.

Siku iliyofuata sikufungua duka. Nilitoa chupa nyingine ya kijani, nikapitia jikoni kwa kaka, kisha nikapanda gari la kazi bila kuomba ruhusa. Dereva akacheka, "Leo umeme unakaguliwa na mama vyombo?" Nikamwambia atazame barabara. Walitushusha chini ya nguzo, na pale nikajua kwa nini kaka yangu ni mwembamba. Kupanda, kushuka, miiba, nyaya zinanguruma juu ya kichwa. Nililalamika njia nzima. Yeye alitembea polepole kunisubiri, na midomo yake ilikuwa mikavu kabisa.

Tukafika kijitoni. Mvua ilikuwa imenyesha, maji yamekuwa kahawia. Nikavua viatu, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Maji ya namna ile huliziba chujio upesi, lazima uyachuje tope kwanza kwa kitambaa. Nikafungua mkoba, nikatoa kitambaa cha wifi, kile cha rangi ya chai, nilichokitoa kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa jiko.

Kaka akakiona. Akakaa chini kwenye jiwe.

Nikakifunga mdomoni mwa chupa, nikachota, nikakifungua, nikakaza chujio, nikabinya. Maji yakatiririka kwenye kifuniko, meupe, yanang'aa. Nataka niwaambie ukweli: niliogopa. Kuuza chupa ni jambo moja, na kunywa kijito kilichotaka kumuua kaka yako ni jambo jingine kabisa. Nikafumba macho nikanywa. Nikamaliza chote. Yalikuwa ya baridi, na kwa mbali yalinukia moshi, au nilitaka yanukie.

Nikapangusa midomo. "Haya," nikasema, "mimi sijafa."

Neno la pili sikulitoa, nikamnyooshea chupa.

Kaka aliipokea chupa kwa mikono miwili. Alibinya akanywa, akabinya akanywa, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Ilipoisha akanirudishia nijaze tena. Nikajaza. Akainywa na hiyo. Kisha akafunga kifuniko, akaivaa begani, akasimama akinitazama.

"Hujamaliza," akasema.

"Nenda," nikamwambia.

Akaenda, nami nyuma yake nikikokota miguu na kulaani milima, maana gari lilikuwa linatusubiri nguzo ya mbali.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kazi alizunguka kupitia dukani, na wala si njia yake. Anainama chini ya masufuria, yanamgonga, anashangaa, anabinya maji kwenye kifuniko, ananipa. Nanywa kwanza, nasema maneno yetu, anaondoka. Chujio tulibadilisha kila lilipochoka. Chupa ni ile ile. Figo zake daktari anazisifu mpaka leo.

Amestaafu sasa. Nguzo zake anazikagua kijana mwingine, na vifaranga wa mwewe sijui nani anawaangalia. Kaka bado huja asubuhi, anaishusha chupa kutoka kwenye rafu, anaijaza kwenye bomba la dukani, maji ambayo hayahitaji hata kuchujwa, ananimiminia. Nanywa.

"Haya," namwambia, "mimi sijafa."

Ile "nenda" nimeiacha. Aende wapi? Namsogezea ndoo, anakaa.